Daftari la marehemu baba limegeuzwa miaka na tovuti, na fundi ananambia "ndivyo inavyofanya kazi, Maalim"

Wakuu, assalamu alaykum.

Mie ni mwalimu wa hesabu hapa Wete, na leo nimeamka na hasira, kwa hiyo mtanivumilia.

Marehemu baba aliacha daftari la karafuu. Kila msimu aliochuma aliandika mwaka, pishi (kipimo chetu cha karafuu) ngapi zimepatikana, na neno moja mawili pembeni: mvua imekuja majamvi yako nje, wachumaji wamegoma, makonyo (vile vikonyo vya karafuu) hayana mnunuzi. Daftari limeanza kuliwa na mchwa. Nikaona bora nilinakili niliweke mtandaoni, jamaa walioko Mombasa na Omani nao wasome.

Nikapata kijana fundi mjini Unguja. Jina simtaji, nimekula naye. Laki tatu na nusu, akanijengea tovuti. "Maalim, wewe utaandika maandishi ya kawaida tu, kwa Markdown, hata kwa simu. Mengine yanajiendesha." Na kweli, nia ya Markdown naipenda. John Gruber alipoitoa 2004 alitaka faili lisomeke vile vile lilivyo hata kabla halijageuzwa ukurasa wa tovuti. Unaweka alama ya reli (#) kuwa kichwa cha habari, nyota mbili huku na mbili huku neno likakoza, umemaliza. Mzee kama mie nimeijua kwa siku moja.

Sasa tazameni nilichoandika, herufi kwa herufi kama kilivyo daftarini:

1996. Pishi 410. Mvua ilitukuta uwanjani.
1999. Pishi 265.
2003. Pishi 530. Hatujapata kuona.
2004. Pishi 90 tu, mikarafuu imepumzika.

Nikapandisha. Sikuhakiki, maana nihakiki nini? Nimeandika mwenyewe, miwani iko usoni.

Wiki ya pili shangazi ananipigia simu. Kasomewa na mjukuu wake. "Mwanangu, 1997 si mwaka aliodondoka babaako mkarafuuni akalala kitandani hadi Ramadhani? Hizo pishi 265 alichuma nani?"

Nikafungua tovuti. Wallahi mikono ilitetemeka. Ukurasa unasema 1996, 1997, 1998, 1999. Imehesabu! Imeuona mwaka na nukta mbele yake ikaamua hiyo ni orodha ya namba, ikachukua ya kwanza kuwa mwanzo, nyingine zote ikazitupa na kuweka za kwake kwa mfululizo. Mwaka wa neema wa 2003 umekuwa 1998. Baba yangu kavunjika mguu na huku anachuma pishi 265.

Nikampigia fundi. Akacheka. Anacheka! Ati "hiyo ni sheria, Maalim, imeandikwa kabisa." Nikaitafuta hiyo sheria, na kweli ipo, kwenye kanuni za CommonMark, ule mwongozo ulioanza 2014 ili Markdown zote zifanane: namba ya kwanza ya orodha ndiyo inayohesabika, zinazofuata hazitazamwi. Dawa yake ni kuweka \ kabla ya nukta, yaani 1996\. ndipo ikuachie mwaka wako. Sawa, sheria ni sheria. Lakini mtu unayemjengea mwalimu tovuti ya daftari la miaka, na daftari umeonyeshwa, umelishika kwa mkono wako, hili hukuliona la kusema?

Hilo moja. La pili ni la saa, na hili limenila fedha.

Kila faili juu lina kijisehemu kati ya vistari vitatu na vitatu, unaandika jina la habari na tarehe. Mie naandika asubuhi baada ya chai. Saa nne namaliza, naweka 10:00, napandisha. Inakuja alama ya vema ya kijani, maana yake imepokelewa na imejengwa salama. Nafungua tovuti: hakuna kitu. Naburuza, nafunga, nafungua. Hakuna. Nikaulaani mtandao wa Pemba, nikanunua bando jingine, nikatembea mpaka bandarini kufuata mnara. Hakuna. Kesho yake napandisha habari nyingine, inatokea ile ya jana, ya leo haipo. Wiki tatu nimekwenda hivyo, nipo nyuma ya nafsi yangu kwa siku moja.

Nimegunduaje? Kwa kosa langu. Siku moja nilisinzia nikaandika saa yetu, 04:00 badala ya 10:00. Ikatoka papo hapo!

Kumbe mashine inayojenga kurasa iko kwenye saa za UTC, yaani saa za kimataifa, nyuma yetu masaa matatu. Mie nikiandika 10:00 bila kusema ya wapi, inasoma 10:00 ya kwake, na kwake ndo kwanza 07:00. Basi habari yangu ni ya siku za mbele, haijafika, inaifungia kabatini. Na saa saba mchana ikifika haiitoi, kwa kuwa haijengi mpaka nipandishe kitu tena. Aliyekosea kapita, aliyeandika sawasawa kazuiwa, na wote wawili wamepewa vema ile ile ya kijani. Mie nimesahihisha madaftari miaka 27, sijapata kumpa mtoto vema kisha nikaichana karatasi yake.

Dawa: herufi sita, +03:00, baada ya saa. Sita! Fundi angeziweka kwenye kiolezo siku ya kwanza.

Kuhusu jina la habari lenye nukta pacha ("Karafuu: kuchambua makonyo") sisemi sana. Pale tovuti iligoma, ikanirushia sentensi ya Kiingereza na namba ya mstari, nikajua pa kwenda. Nikafunga jina kwa alama moja moja za kunukuu, likaja "Ng'onda: namna ya kukausha", ikagoma tena kwa sababu ya ile alama ya ng'. Nikafunga kwa alama mbili mbili, ikanyamaza. Kugombana na kitu kinachosema hakunisumbui.

Kinachonitoa roho ni kile kisichosema. Kama utenzi wa bibi. Ubeti mmoja:

Karafuu si mchele
Shada lake li kilele
Ukikwea nenda mbele
Usiangalie chini

Kwenye tovuti ukawa "Karafuu si mchele Shada lake li kilele Ukikwea nenda mbele Usiangalie chini", mstari mmoja kama tangazo la msiba redioni. Kwa Markdown kwenda mstari wa chini si kitu, inakuhesabia nafasi tu. Mpaka umalizie mstari kwa nafasi mbili. Nafasi ambazo hazionekani! Nikakaa. Beti 96, mistari mitatu kila ubeti ya kuwekewa, hiyo ni 288, nafasi 576 nimezigonga kwa kidole hiki kimoja. Nikahifadhi. Zikafutika zote. Fundi alikuwa ameiwekea programu yangu ya kuandikia kitu cha kusafisha nafasi za mwisho wa mstari kila nikihifadhi, "ili faili liwe safi".

Safi!

Sasa wale wa "hamia kwingine" na "tumia video" piteni salama, sijawaita. Nataka mawili. Nimeambiwa \ mwisho wa mstari inafanya kazi ya zile nafasi mbili na haifutwi. Kuna aliyewahi kuijaribu kwenye utenzi mrefu, au nayo ina yake? Na kwa desturi fundi wa tovuti ananidai nini kurekebisha kitu alichokiharibu mwenyewe? Huyu wangu amenitumia ujumbe jana: elfu hamsini.