Lita za mkulima: seva ingoje mwenzake au iandike peke yake?

Mkulima wa Njoro: Ushirika wetu wa maziwa, jina naliacha, unahesabu lita kwenye hifadhidata ya Cassandra. Nakala za hesabu ni 2, moja kwenye seva ya Nakuru, moja ya Kisumu, na wameweka akidi, yaani zaidi ya nusu ya nakala zikubali kwanza. Laini ya Kisumu ikilegea, sekunde 5 zinapita, simu ya karani inasema muda umeisha. Anabonyeza tena. Ukija kuangalia, lita 14 zimekuwa 28. Mimi nasema nodi moja, yaani seva moja, ikikubali itoshe. Mnaonaje?

Bwana Seva: Akidi ya 2 ni 2! Chukua nusu, ongeza moja. Hapo mmeagiza wote wawepo, mkaita akidi. Wekeni nakala ya tatu, mmoja akilala wawili wanaendelea na kazi. Hesabu hiyo hata muuza mandazi anaijua.

Nyar Kisumu: "Hata" muuza mandazi? Mamangu amekaanga mandazi Kondele miaka na mikaka, ndiyo yaliyonilipia karo, na hajawahi kumhesabia mteja andazi moja mara mbili. Mfumo wenu je?

Bwana Seva: Dada, sikumtaja mamako.

Kijana wa Milimani: Umemtaja bila kumtaja. Nyinyi wa Nakuru tangu mpewe jiji 2021 hatupumui.

Bwana Seva: Mimi ni wa Kakamega.

Fundi wa Zamu ya Usiku: Mkimaliza, nami niseme. Muda kuisha si kukataliwa. Nodi iliyopokea ombi imekosa tu jibu la mwenzake kwa wakati. Lita huenda zimeshaandikwa Nakuru. Na hiyo ni kaunta, namba ya kujumlisha tu, ukirudia inajumlisha upya, uweke akidi, uweke nodi moja. Kila kipimo kipewe mstari wake, ufunguo wa kuutambua uwe namba ya risiti. Hapo karani abonyeze hadi kidole kiote sugu, mstari ni uleule. Na hiyo ya kuandika kwa moja na kusoma kwa moja, utauliza Kisumu upewe hesabu ya jana.

Mkulima wa Njoro: Sawa, lakini waliokwisha kulipwa 28 warudishe?

Nyar Kisumu: Warudishe kwani waliiba? Bado nangoja niombwe radhi hapa.

Bwana Seva: Karani naye hakushtuka? Lita 28, ng'ombe mmoja?

Mfugaji wa Molo: Huyu amewahi kufuga kweli? Friesian wangu akishiba, 28 kwa siku anatoa na bado ana nguvu za kupiga ndoo teke.