Uliwahi kusoma ugenini, au kumpokea mgeni wa masomo nyumbani? Njoo tupeane uzoefu

Bint Ngamiani

Wadau, salamu. Uzi huu si wa kuulizana fomu zinatoka lini. Nawataka waliowahi kwenda nje kwa programu za kubadilishana wanafunzi, na waliowahi kupokea mgeni kwao, wasimulie yaliyotokea kweli, siyo yale tuliyoandika kwenye ripoti.

Naanza mwenyewe. Mwaka 2010 nilikwenda Marekani na programu ya YES, ile waliyoianzisha 2002, mwaka mmoja baada ya Septemba 11, ili wanafunzi wa sekondari kutoka nchi zenye Waislamu wengi wakae mwaka mzima wa shule kwenye familia za Kimarekani. Mtoto wa Tanga, miaka 16, nikaangukia mji mdogo Minnesota, tena katikati ya Ramadhani.

Nikawaeleza kwamba nimefunga mpaka jua lizame. Sasa jua la kule mwezi wa Agosti linazama kwenye saa mbili usiku, na wao chakula cha jioni wanakula saa kumi na mbili, vyombo vikaoshwa, kila mtu chumbani kwake. Mama mwenyeji alikuwa ameshanionyesha friji: kula chochote, saa yoyote. Nikaitikia vizuri. Lakini kwetu mtoto aliyelelewa hafungui friji ya watu, anangoja aitwe. Basi nikangoja. Siku tatu nafuturu tende nilizofungiwa na bibi, na daku tende hizohizo. Kumbe naye usiku anampigia mratibu simu: huyu binti hatupendi, chakula chetu hakigusi. Adabu yangu na adabu yake zilikuwa zinaniua njaa.

Mratibu alipotukalisha chini tulicheka mpaka mama akalia. Kuanzia hapo akawa anaamka saa kumi alfajiri kunikaangia mayai, na nikimwambia alale ananuna.

Novemba kuna juma la elimu ya kimataifa, tunatakiwa kusimama shuleni tueleze kwetu. Nilijiandaa na kanga na pilau. Kijana mmoja akauliza, Waislamu na Wakristo kwenu hawauani? Nikabaki nimetumbua macho. Baba yangu mdogo ni mwinjilisti Muheza. Idi anakula kwetu, Krismasi tunakula kwake, na ugomvi pekee ninaoukumbuka ulikuwa wa shamba la michungwa. Nikawaambia hivyohivyo, pamoja na michungwa. Sikuwahi kufikiri kwamba hilo ni jambo la kusimuliwa.

Mzee wa Mwiko

Binti, marahaba kabla hujaniamkia. Mimi ni wa enzi za Urusi. 1983 nilipelekwa Moscow, chuo cha Lumumba, walichokifungua 1960 kwa ajili ya vijana wa Afrika, Asia na Amerika ya Kusini. Mwaka wa kwanza ulikuwa Kirusi tu, asubuhi mpaka jioni. Nadhani walitaka turudi makomunisti. Mimi nilirudi na mwiko, na simaanishi wa kusongea ugali.

Kiangazi wanafunzi wale walikuwa wanakwenda kwenye vikosi vya ujenzi, wanajenga mabanda ya ng'ombe huko mashambani, na wanalipwa. Nikajiunga kwa ajili ya pesa, sitaki kudanganya. Nikakuta mtoto wa profesa anachanganya zege, anatukana kwa ufasaha, na jioni anasoma mashairi. Mimi nilikulia mahali ambapo msomi anashika kalamu na kunyoosha kidole.

Niliporudi nikapangiwa mkoani kusimamia majengo. Siku ya kwanza nikaomba mwiko, nikapanga kozi mbili za matofali. Mafundi wakacheka waziwazi, mmoja akasema cheti cha huyu injinia kichunguzwe. Ilichukua miezi. Baadaye wakawa wananiita nione kosa kabla hawajalifunika na plasta. Kwa msimamizi wa ujenzi hakuna heshima kubwa kuliko hiyo.

Dogo Janja wa Mbezi

Mzee shikamoo. Hizo fomu za Urusi zinatoka lini?

Bint Ngamiani

Wewe hata sentensi ya pili hukuisoma.

Teacha wa Moro

Mimi nilikwenda kufundisha Kiswahili chuo kimoja Marekani, chini ya Fulbright, mfuko ule uliopewa jina la Seneta J. William Fulbright, tangu 1946. Unafundisha huku na wewe unasoma. Nilikwenda nikijiona balozi wa lugha.

Mwanafunzi wangu mmoja alikuwa anajitolea kusaidia wakimbizi wa Kongo mjini pale. Akaanza kuniletea insha zenye "batu", "fasi", "aksanti". Nikapiga kalamu nyekundu kila mstari. Wiki ya tatu akaniuliza kwa upole: "Mwalimu, mama aliyenifundisha amezaliwa na Kiswahili hiki. Wewe ulizaliwa na kipi?" Jamani, mimi ni Mluguru! Kiswahili nilikikuta shuleni, kwa fimbo.

Akanipeleka kwa huyo mama, mtu wa Lubumbashi. Nilipomaliza kujitambulisha akawaita wanawe waje wasikie mtu anayeongea kama redio. Nilikwenda kule mara nyingi kuliko maktaba. Kongo ni jirani yetu, tunavukiana ziwa, lakini nililazimika kupanda ndege mbili kwenda kumjua. Kalamu nyekundu ninayo bado, ila siku hizi nauliza kwanza, neno hili umelitoa wapi?

Mama Ngarenaro

Mbona mnaosimulia ni nyie mliosafiri tu? Mimi sijavuka Namanga, lakini nimepokea wanafunzi watano wanaokuja Arusha kujifunza Kiswahili kwa wiki nane.

Wa pili ndiye alinikaa moyoni, binti wa Ulaya. Alikuwa na daftari, anaandika kila ninachosema, hata matusi niliyomtukana kuku aliyeingia jikoni. Akila anaosha sahani yake. Nikamwambia mgeni haoshi, akasema basi mimi si mgeni. Kijana wangu wa miaka 17 akaona aibu, akaanza kuosha ya kwake, mpaka leo anaosha. Baba yake anapita pale karoni kama hajaona kitu.

Mwaka juzi akanialika harusini. Yeye viza yetu aliilipia hapo uwanja wa ndege, akaingia. Mimi nikalipa ada, nikabeba hati ya kiwanja na picha za ng'ombe wangu wawili, nikaenda kwenye usaili. Dakika tano: hatujaridhika kwamba utarudi. Nisirudi, ng'ombe nimwachie nani? Na ada hairudishwi.

Harusi nikaitazama kwenye simu. Alikuwa amejifunga kichwani kitenge nilichomtumia, kimelegea upande mmoja. Nikamwambia akikaze, akasimamisha watu, akakikaza.