Redio za mkononi kwa msafara wa porini Marekani: GMRS au ham, na leseni zake

DerevaKokoto
Wakuu salaam. Tunapanga msafara wa magari manne kutoka Denver kwenda Moab, Utah: langu, la shemeji, la binamu yangu na la rafiki. Ndani ya yale makorongo simu hazishiki. Nimeona Baofeng UV-5R zinauzwa bei chee, ila naambiwa ni za ham, yaani redio za ridhaa zisizo za biashara, na ukibonyeza bila leseni unavunja sheria. Leseni inapatikanaje, na asiye raia anaruhusiwa? Wati 5 zitatosha kutoka gari la kwanza hadi la mwisho? Na Kiswahili hewani ni ruksa?

Mawimbi2m
Mkuu, kabla hujatoa hela tenganisha mambo mawili. Kuongea gari kwa gari ni jambo moja, kumfikia mtu aliye mbali nje ya msafara ni lingine. La kwanza GMRS, huduma ya redio za mawasiliano binafsi, inalimaliza. La pili ndilo linalotaka ham.

GMRS haina mtihani. Fungua akaunti ya CORES, mfumo wa usajili kwenye tovuti ya FCC (mamlaka ya mawasiliano ya Marekani), utapewa namba ya usajili iitwayo FRN, jaza ombi, lipa dola 35, leseni inakaa miaka 10. Mwombaji awe ametimiza miaka 18. Leseni moja inabeba familia: mke, watoto, wajukuu, wazazi, babu na bibi, kaka na dada, wajomba na mashangazi, wapwa, hata wakwe na mashemeji. Kwa hiyo shemeji yako yumo. Binamu hayumo! Kwetu mtoto wa mjomba ni ndugu tu, lakini kanuni imetaja jamaa mmoja mmoja na yeye hakutajwa. Yeye na rafiki yako kila mmoja akate yake.

Ham, daraja la kuanzia ni Technician. Maswali 35 ya kuchagua jibu, ukipata 26 umefaulu. Yanatoka kwenye orodha ya maswali zaidi ya 400 ambayo iko wazi kwa umma pamoja na majibu yake. Orodha hiyo hubadilishwa kila miaka 4. Iliyoanza 2022 mwisho wake ni 30 Juni 2026, kwa hiyo ukinunua kitabu cha mtumba tazama ni cha miaka ipi. Jaribio la Morse liliondolewa tangu 2007, usiogope. Wasimamizi ni wanaham wa kujitolea, ana kwa ana au kwa video. Timu nyingine hazitozi kitu, nyingine hufika dola 15. FRN uwe nayo kabla ya siku ya mtihani. Ukifaulu, FCC inakutumia barua pepe ulipe dola 35, nayo inakupa siku 10. Zikipita, ombi linatupwa. Kolisaini yako, yaani alama yako ya utambulisho hewani, ikishatokea kwenye hifadhidata yao unaweza kurusha hapohapo, hakuna kungoja karatasi.

Uraia hauulizwi. Kinachotakiwa ni anwani ya posta ya Marekani na barua pepe. Ila anwani hiyo itaonekana na kila mtu mtandaoni, hivyo asiyetaka nyumba yake ijulikane atumie sanduku la posta.

Kiswahili ruksa. Bishaneni Simba na Yanga njia nzima, lakini kolisaini itajwe kwa Kiingereza: kwenye ham kila dakika 10 na mnapomaliza, kwenye GMRS kila dakika 15 na mnapomaliza. Na kama kuna anayelipwa kuongoza msafara, ham asiitumie kwa kazi hiyo. Kanuni zinakataza mawasiliano yenye maslahi ya kifedha.

UV-5R usiitumie kwenye GMRS hata kama masafa yanaingia. GMRS inataka redio iliyoidhinishwa kwa huduma hiyo. Toleo linalofanana nayo lenye idhini ni UV-5G.

FundiBodi
Swali la wati 5 limerukwa, na ndilo linalowaangusha wengi.

Redio ya mkononi ukiishika ndani ya gari, bati linakula mawimbi na kile kiantena kifupi cha mpira kinapoteza mengine. Kwenye tambarare mtasikilizana vizuri. Jiwe la Utah likikaa katikati, hata kilomita moja ni shida, na kutoka wati 5 kwenda 50 hakulitoboi jiwe. Hela ya kwanza iende kwenye antena ya nje.

Kwa mita 2, mojawapo ya bendi za ham, antena ya robo wimbi ni kama sentimita 49, yenye kitako cha sumaku, ikae katikati ya paa. Ya GMRS ni fupi, kama sentimita 16, kwa hiyo antena ya mita 2 pekee usiifunge kwenye redio ya GMRS. Paa la chuma ni nusu ya antena, ukiihamishia pembeni inarusha zaidi upande mmoja. Kabla ya kununua, pitisha sumaku ya friji kwenye bodi. F-150 kuanzia ya 2015 ni aluminiamu, Wrangler JL boneti yake ni aluminiamu na paa gumu ni plastiki. Hapo sumaku haishiki. Tumia brakete kwenye bawaba ya boneti au kwenye kibebeo cha tairi la akiba, na antena ya nusu wimbi isiyotegemea bati chini yake.

Viunganishi: Baofeng ina SMA yenye pini kwenye redio, kwa hiyo adapta iwe ya tundu. Redio nyingi za Yaesu ni kinyume chake. Na usichomeke waya mnene wa antena moja kwa moja kwenye redio. Gari likirukaruka, uzito wake unang'oa soketi kwenye bodi ya ndani. Weka kipande cha waya mwembamba cha sentimita 30 hivi katikati.

Ukija kufunga redio ya wati 50, umeme utoke kwenye betri, fyuzi karibu na betri. Inavuta ampea 10 na zaidi ukibonyeza, soketi ya kiberiti haiwezi.

Kifusi
Naomba kudandia uzi. Technician ninayo, UV-5R ninayo. Ripita, kile kituo kinachopokea na kurusha upya sauti, naisikia safi, nikiita hainijibu, hata ule mlio wa mwisho hausikiki. Tatizo betri?

Mawimbi2m
Betri siyo ya kwanza kuilaumu. Ukiisikia yenyewe haikusikii, kagua kwa mpangilio huu, redio ikiwa kwenye masafa na siyo kwenye chaneli:

Menyu 25, SFT-D, upande masafa ya kurusha yanakohamia: alama iwe + au − kama orodha ya ripita inavyosema.
Menyu 26, OFFSET, kiasi cha kuhama: mita 2 ni 000.600, bendi ya sentimita 70 ni 005.000. Wengi huweka 006.000 kwenye mita 2, wakaenda nje ya bendi kabisa.
Menyu 13, T-CTCS: toni inayofungua ripita, mfano 100.0. Hii ndiyo mchawi mara nyingi. Menyu 11, R-CTCS, iache OFF kwanza.
Menyu 7, TDR: zima. Ikiwa ON, redio inasikiliza masafa mawili, na mtu akiingia kwenye mstari wa chini ukabonyeza kumjibu wa juu, unarusha kule chini bila kujua.

Halafu ukibonyeza, hesabu sekunde moja ndipo useme. Ripita huchelewa kufunguka, na silabi zako za kwanza ndizo kolisaini.

Ukichoka na menyu, programu ya CHIRP ya kupanga redio kwa kompyuta ni bure. Pakua kwanza yaliyomo kwenye redio, hifadhi nakala, ndipo uandike. Ikisema redio haijibu, sukuma plagi ya waya wa kompyuta kwenye redio mpaka iingie yote, huwa inagoma milimita za mwisho. Bado? Waya wenye chipu bandia ya Prolific hukataliwa na draiva mpya za Windows. Tafuta wenye chipu ya FTDI.

Kifusi
Menyu 13 ilikuwa OFF. Ripita imenijibu. Asante mkuu.

FundiBodi
DerevaKokoto, kwa safari yako: GMRS magari yote manne, chaneli moja na ya akiba mkubaliane kabla ya kuondoka. Mwenye ham aweke megahezi 146.520, masafa ya kuitana bila ripita, na ripita za eneo hilo tayari kwenye kumbukumbu. Penye hatari ya maisha, kanuni za ham hazimzuii mtu kutumia njia yoyote kuomba msaada, lakini usilifanye hilo kisingizio cha kutosoma: asiyejua toni ya ripita atabonyeza mpaka betri iishe. Kifaa cha ujumbe wa setilaiti kiwe gari moja angalau.

Nyikani254
Na wanaotaka kubeba redio hizi wakienda likizo: leseni ya FCC pekee haikupi haki ya kurusha Kenya wala Tanzania. Kibali cha Kenya kinaombwa kwa CA, cha Tanzania kwa TCRA (mamlaka za mawasiliano za nchi hizo), na uombe kabla ya kusafiri. GMRS ni huduma ya Marekani, masafa yake ya megahezi 462 na 467 usiyaguse huku. Mita 2 katika kanda yetu ni 144 hadi 146, kwa hiyo ile 146.520 ifute kwenye kumbukumbu kabla ya kupanda ndege. Masafa ya kuitana bila ripita huku ni 145.500.