“Ng'ombe hawahami, mtoto!” Tangazo letu la fildi limefanywa kisahani cha kahawa

Binti Pongwe (mleta mada)

Wakuu, nimetoka sasa hivi pale ofisini kwa mratibu wetu wa fildi, yaani mafunzo kwa vitendo. Nipo kituoni nangoja daladala, jua la saa saba linanichoma utosi na mikono bado inatetemeka. Nisipoandika hapa nitarudi kule juu nikaseme maneno ambayo mama yangu hakunifundisha.

Mnamjua. Sitaji jina, na haja ya kulitaja haipo. Kila mwanafunzi wa sayansi ya wanyama aliyewahi kuja Tanga kufanya fildi anamjua: meza ya dirishani, redio ndogo, faili limelaliwa na faili, na muuza kahawa anayepanda ngazi mwenyewe kumfuata. Matangazo yote ya wanafunzi sharti yapite kwenye meza ile. Kuingia yanaingia. Kutoka ndiyo sijawahi kuona.

Leo nimekwenda kuuliza tangazo la nafasi za mafunzo kwa vitendo kwenye shamba la ng'ombe wa maziwa. Posho ipo, malazi yapo, wanataka wanafunzi wa shahada ya kwanza waliomaliza mwaka wa pili. Habari nimeipata kwa mwenzangu aliyeko Morogoro, huko lilibandikwa ukutani mpaka kona zikakunjamana. Nikaingia, nikaamkia, “Shikamoo mzee.” Marahaba ikaenda kwenye gazeti. Nikaeleza shida yangu. Akanyanyua kikombe chake cha kahawa, na chini ya kikombe kuna karatasi.

Ndiyo lenyewe, wakuu. TANGAZO! Limejaa maduara ya kahawa, duara juu ya duara, mengine ya zamani yameshakauka, kwa hiyo siyo la leo wala jana. Neno “posho” limezama kabisa. Mstari uliosalimika ni mmoja tu, wa tarehe ya mwisho: Ijumaa iliyopita, saa 9:30 alasiri. Leo ni Jumatatu.

Nikasema kwa adabu, “Mzee, mbona muda umeshapita?” Akapiga funda moja, hana haraka. Akakirudisha kikombe palepale juu ya tangazo, mbele ya macho yangu. Ndipo akanena:

“Ng'ombe hawahami, mtoto. Mwakani watakuwepo.”

NG'OMBE HAWAHAMI!

Ng'ombe watakuwepo, mimi je? Shahada yetu ni miaka mitatu. Mwakani wakati kama huu nitakuwa nimeshamaliza wa mwisho, na tangazo linasema waliomaliza wa pili. Kwa hiyo nirudie mwaka ili niendane na kalenda ya kikombe chake?

Na huyu ni mtu wa mifugo, ndicho kinachoniuma zaidi. Kila mtu wa fani anajua ng'ombe akionekana na joto, yaani anataka dume, asubuhi, anahimilishwa (anapandikizwa mbegu) jioni ya siku hiyohiyo. Ukisema “hahami huyu, tutamwona keshokutwa,” joto limepita na unakaa kungoja siku 21 nyingine, mfugaji analisha tumbo tupu. Tangazo nalo lina joto lake. Yeye amelikalia na kikombe mpaka likapoa.

Halafu tupo Tanga, siyo mahali ambapo mtu anaweza kusema mambo ya mifugo ni ya kubahatisha. Buhuri hapo kuna chuo cha mifugo cha LITA na kituo cha utafiti cha TALIRI. Handeni kuna ranchi ya Mzeri. Mjini humu akina mama wanafuga ng'ombe wa maziwa uani, wanakata majani asubuhi na kupeleka maziwa kwenye kituo cha kukusanyia kabla jua halijakaza. Mwanafunzi anatoka kwao mbali kuja kujifunzia hapa, sisi wenyeji tunakosa nafasi kwa sababu ya kahawa.

Wala siyo hili moja. Wiki ya Maziwa kilele chake kinajulikana, kila mwaka tarehe 1 Juni, haijawahi kumshtukiza mtu. Wito wa wanafunzi kushiriki mimi niliuona Juni katikati! Kongamano la TSAP, chama cha wataalamu wa uzalishaji wa mifugo, ambako mwanafunzi angeweza kusikiliza watafiti wenyewe na kujulikana na watu, tuliona picha za waliokwenda. Nafasi za vijana kwenye vituo atamizi (vya kulea vijana wanaoanza biashara) vya kunenepesha mifugo nilizisikia kwa dereva wa bodaboda, na yeye mwenyewe alikuwa ameshaomba.

Lakini hayo yote ningeyameza. Ni kile kikombe. Angesema “samahani binti, nilisahau,” ningeondoka zangu kimya. Angekiweka pembeni tu. Meza ile ni pana, unaweza kumlaza fahali wa Boran na bado ukabaki na pa kuwekea gazeti. Kwa nini akirudishe palepale, ananitazama, halafu aniambie ng'ombe hawahami?

Nani mwingine kafanyiwa haya? Semeni, msiogope.

Mwana Chumbageni

Pole sana dada. Barua yangu ya fildi ya mwaka juzi mpaka leo ipo kwa mtu huyohuyo, imekunjwa mara nne chini ya mguu wa meza. Nilipoiomba akaniambia nikiitoa meza itayumba.

Fundi Kupe

😂😂😂 Mguu upi? Wa kushoto ni barua ya kwangu.

Msema Kweli wa Kange

Hii chai. Uzi bila picha hauna mashiko. Weka picha ya hilo tangazo lenye maduara.

Binti Pongwe

Picha ningepigaje na kikombe kipo juu yake? Nilinyoosha mkono nilisogeze nisome vizuri, akakishika kikombe kwa mikono miwili! Kikombe kile kina ulinzi kuliko benki. Siyo chai mkuu, ni kahawa, na bado nina harufu yake kwenye ushungi.

Jongoo wa Mabawa

Tanga hiyo, waja leo waondoka leo. Tangazo limezidi, limekuja leo limeondoka Ijumaa.

Mfugaji wa Kilindi

Nani kamdanganya kuwa ng'ombe hawahami? Aje huku kwetu, aje na Handeni. Kesi zote za baraza la kijiji ni ng'ombe waliohama usiku wakaamkia kwenye mahindi ya watu. Mimi mwenyewe nimewafuata wangu mpaka nikapotea. Mleteni huyo mzee na kikombe chake.

Mjukuu wa Usambara

Samahani mleta mada, mimi sioni kosa la mzee. Simu unayo, bando la kuandikia gazeti lote hili unalo, kwa nini usitafute matangazo mtandaoni? Mnangoja kubandikiwa karatasi miaka hii? Mwenzako wa Morogoro alikwambia, hukuomba. Umekwenda Jumatatu kugombana na kikombe.

Binti Pongwe

Kaka soma kwanza. Mwenzangu kanipigia jana usiku, alidhani sote tumeshaomba. Na hata ningeliona mapema, masharti yanasema waliopo Tanga barua zao zipite kwa mratibu na ziwe na muhuri. Muhuri upo kwenye droo ya nani? Droo imezibwa na nini? Mtandao haugongi muhuri.

Mwana Chumbageni

Muhuri wenyewe wino umekauka. Alinigongea yangu ikatoka nusu duara, kule nilikopeleka wakaniuliza kama ni alama ya kikombe.

Daktari Mtarajiwa

Nyie wa miaka mitatu mnalilia posho. Sisi wa udaktari wa mifugo tunasoma mitano, fildi tunaingia mpaka machinjioni saa kumi alfajiri, na tangazo lenye posho sijaona tangu nianze. Huo mwaka mmoja unaolia mimi naupata mara mbili zaidi yako.

Fundi Kupe

Daktari ameingia. Sasa hivi atatuambia tusiguse sindano.

Daktari Mtarajiwa

Na msiguse kweli. Kuna Sheria ya Veterinari ya 2003 na kuna Baraza linalosajili. Mtu kasoma lishe na uzalishaji, kesho unamkuta mtaani anachoma dawa ya ndigana kali kwa kukisia uzito wa mnyama. Mkiharibu tunaitwa sisi.

Fahali la Muheza

Na nani anamlisha huyo mnyama mpaka akafikia uzito wa kukisiwa? Mnakuja na koti jeupe mnakuta ng'ombe amechanganyiwa chakula sawasawa, ndama kapata dang'a mapema, banda lina mteremko, halafu sifa mnachukua nyie. Mtaani tunaitwa wote daktari. Juzi nimeletewa paka aliyemeza sindano ya kushonea. Nimesoma malisho mimi!

Jongoo wa Mabawa

Paka alipona?

Fahali la Muheza

Alipona, ila mimi sikutajwa hata kwa asante! Walimpongeza aliyewaazima baiskeli ya kumleta.

Binti Pongwe

Jamani, turudi kwenye mada. Mtu kaweka kikombe JUU YA TANGAZO.

Kijana wa Raskazone

Dada, kikombe ni kidogo. Mimi nililiona tangazo mapema, nikaomba, nikakubaliwa, nikaenda. Hela ya fildi imeingia fildi ikiwa imeshaisha, nipo nyumbani nakula ugali wa mama. Huko shambani nilikuwa nakunywa maziwa ya kuonja ubora mpaka yule mpima maziwa akaanza kunitazama vibaya. Nani ana malalamiko kunizidi?

Fundi Kupe

Wewe angalau ulikunywa. Mimi nilipangiwa josho. Wiki nzima naogesha ng'ombe na mimi mwenyewe nikaoga dawa. Kupe hawajanigusa tangu siku hiyo, na wachumba pia.

Mama Mikanjuni

Wanangu nimesoma yote, sasa na mimi niseme maana nyie mnajiona mmeonewa peke yenu. Nina ng'ombe wawili uani, Friziani chotara. Mwaka jana nililetewa mwanafunzi wa fildi, kijana mpole, kaja na raba nyeupe. Nikamwachia akamue jioni kwa sababu nilikuwa na msiba. Kakamua nusu, kaogopa teke, maziwa kayaacha kwenye kiwele. Baada ya siku mbili chuchu moja imevimba, inatoa mabonge. Dawa nimenunua mimi, na maziwa nikayamwaga mpaka siku za dawa zilipoisha. Kijana kaniandikia ripoti nzuri sana, kiwele hakimo.

Daktari Mtarajiwa

Mama pole. Kabla ya kukamua toa michirizo ya kwanza kwenye kikombe cheusi, ukiona mabonge au majimaji ujue mapema. Ukimaliza chovya chuchu kwenye dawa, na mpe majani asimame kidogo, asilale hapohapo kabla tundu la chuchu halijafunga.

Fahali la Muheza

Hapo daktari umesema vizuri. Ongezea sakafu iwe kavu.

Msema Kweli wa Kange

Kikombe cheusi kama cha yule mzee au kingine? 😂

Binti Pongwe

Msema Kweli, ulisema chai, sasa umeshaamini?

Mama Mikanjuni

Kiwele kimepona mwanangu, ahsante. Shida yangu ya sasa ni chakula. Pumba na mashudu vimepanda, maziwa kituoni bei haijasogea, tukiuliza tunaambiwa subirini kikao. Majani nayo kiangazi hiki yamekwisha, nakata mpaka kando ya reli. Kuna mwenye marobota ya majani makavu?

Mfugaji wa Kilindi

Bei ya maziwa usiniambie kitu mama. Huku kwetu anayekuja kununua anapima kwa galoni lake mwenyewe, na galoni limevimba pembeni. Nililalamika akasema limepigwa jua.

Mwana Chumbageni

Mama, marobota nimeyaona Pongwe, barabarani kabisa, lakini yale ya mbele yamenyeshewa. Ukichukua vunja moja unuse, likinuka ukungu achana nalo.

Binti Pongwe

Yale ya nyuma ndani ya banda ni mazima mama, ni kwa jirani yetu. Mwambie umetumwa na mimi. Ila nyie wengine bado hamjanijibu, kikombe kile tunakifanyaje?

Mama Mikanjuni

Ahsante mwanangu, Mungu akubariki. Nani ana kirikuu ya kunibebea marobota kumi na tano?

Fundi Kupe

Ninayo mimi. Pongwe mpaka Mikanjuni tutaelewana. Leo au kesho asubuhi?

Mama Mikanjuni

Leo. Njoo na turubai.