Mrejesho: Safari ya meli na mtoto wa mwaka na nusu

Ndugu zangu, niliwauliza kama inafaa kumpeleka mtoto mdogo kwenye meli ya matembezi kutoka Galveston, Texas, hadi Cozumel, Meksiko. Tumerudi salama, asanteni sana! Aliyenishauri nichukue chumba cha ghorofa ya chini, katikati ya meli, Mungu ambariki. Bahari ilipochafuka tuliyumba kidogo tu, mtoto akalala fofofo. Kitanda chake tuliomba mapema, tukakikuta tayari.

Kilichotubana ni bwawa. Mtoto anayevaa nepi haruhusiwi kuingia, hata akivaa za kuogelea, kwa sababu za kiafya; na alivyopenda maji, alilia mno! Tukamjazia beseni la kupuliza bafuni, akatulia. Wenye watoto wadogo, ulizeni habari ya bwawa kabla ya kulipa.