Anayejituma na bado ni maskini, tumwambie nini?

Ndugu zangu, hoja iliyo mezani ni kama bidii ya kazi ndiyo ufunguo wa mafanikio. Wengi waliotangulia wamesema ndiyo. Mimi nasema hapana, na nasema nikiwa Moshi, mji ambao watu wake husifiwa nchi nzima kwa kujituma.

Kwanza tuelewane ili tusigombane bure. Sisemi mtu akae tu atafanikiwa. Asiyelima havuni, hilo halina ubishi. Ninachopinga ni hukumu inayofuatia hapo: kwamba aliyefanikiwa alijituma na aliyebaki nyuma ni mvivu. Hukumu hiyo hutolewa kwenye mahafali, kwenye harusi, hata misibani, na mara nyingi anayehukumiwa ni mtu aliyeamka kabla ya wote waliomo ukumbini. Inaniumiza kila ninapoisikia.

Mchangiaji mmoja ametukumbusha Azimio la Arusha la mwaka 1967, kwamba masharti ya maendeleo ni juhudi na maarifa. Ni kweli, yamo. Ila aendelee kusoma. Azimio hilohilo linakiri kwamba wanawake wa vijijini wanafanya kazi kuliko mtu mwingine yeyote nchini, saa 12 mpaka 14 kwa siku, Jumapili na sikukuu zikiwemo. Kama bidii ingetosha, matajiri wa kwanza wa Tanzania wangekuwa mama zetu hao. Nenda Kiboriloni siku ya soko ukawaone waliobeba mikungu ya ndizi toka juu mlimani. Mnunuzi mwenye gari anajua kwamba ndizi haisubiri na kwamba mama hawezi kuirudisha nyumbani kichwani. Anangoja mchana, kisha anataja bei anayotaka yeye.

Na hapo ndipo ilipo hoja yangu yote: bei. Kazi inamfaa mtu pale anapokuwa na sauti juu ya bei ya kazi yake. Asipokuwa nayo, bidii yake inamnufaisha mwingine.

Tazameni kahawa, maana ndiyo iliyotulea. Unapanda mche, unangoja miaka mitatu au zaidi ndipo uone mavuno ya maana. Unapogoa, unapalilia, unapiga mrututu, dawa ile ya shaba, ili ugonjwa wa chulebuni usimalize matunda. Unachuma zile nyekundu tu, kwa hiyo mti mmoja unaurudia tena na tena. Unamenya, unachachusha, unaosha, unaanika kwenye vichanja na kugeuza siku nzima, na wingu likitanda unakimbia kufunika. Hakuna mvivu anayefika mwisho wa kazi hiyo.

Sasa bei yake iliamuliwa wapi? Julai 1975 baridi kali iliunguza mibuni ya Brazil, na mwaka 1976 na 1977 bei ya kahawa ikapaa duniani kote. Mkulima wa Kibosho hakuwa amebadilisha chochote shambani kwake. Julai 1989 yakavunjika makubaliano ya kimataifa yaliyokuwa yakipanga kila nchi iuze kahawa kiasi gani, bei ikaporomoka. Mkulima yuleyule, jembe lilelile, mgongo uleule. Baada ya hapo wengi waliitelekeza kahawa, wengine wakang'oa mibuni wakapanda ndizi na mboga, na watoto waliokuwa wakisomeshwa kwa kahawa wakarudi nyumbani. Nani atasimama mbele ya wazee hao awaambie hawakujituma?

Wenzetu wa mikoa mingine husema Mchaga ana mali kwa sababu ni mchapakazi. Sifa hiyo naipokea nusu. Mlima Kilimanjaro ulitupa mvua, udongo wa volkano na maji ya mifongo, ile mifereji ya asili. Wamisionari walifungua shule mapema. Tukawa na zao ambalo dunia inalitaka. Mfugaji wa Simanjiro anayetembeza ng'ombe juani kutafuta maji anafanya kazi ngumu kuliko mimi, na sitakubali mtu aniweke juu yake kwa kigezo cha bidii.

Kitu ambacho wazee wetu walifanya na kinastahili sifa kamili ni kingine. Mwaka 1925, walowezi wakishinikiza Mwafrika azuiwe kulima kahawa, wakulima wa hapa waliunda chama chao cha wakulima wa kahawa, KNPA. Mwaka 1933 kikafuatiwa na KNCU, chama kikuu cha ushirika cha Kilimanjaro. Hawakuongeza saa za kulima. Walikusanya kahawa mahali pamoja wakaiuza pamoja. Ushirika nao ulikuwa na kasoro zake: mwaka 1937 wakulima wenyewe walifanya ghasia kuipinga KNCU, na mwaka 1976 serikali ilivifuta vyama vikuu vya ushirika nchini, ikaja kuvirudisha miaka ya themanini. Lakini nguvu ya mkulima mbele ya mnunuzi ilitoka kwenye umoja ule.

Dada yetu mmoja amemleta Alphonce Simbu, anayefanyia mazoezi hapo Arusha. Nami nilimshangilia kwa sauti Septemba 2025, alipotwaa dhahabu ya dunia ya marathoni kule Tokyo. Bidii yake haina mfano. Ila kumbukeni mbio zenyewe: yeye na Amanal Petros wa Ujerumani waliandikiwa muda mmoja, saa 2:09:48, na mshindi akapatikana kwa picha. Je, Petros alikuwa na bidii pungufu? Tena Simbu ni askari wa JWTZ, ana mshahara hata miezi ambayo hakuna mashindano. Ndivyo inavyotakiwa. Vijana wangapi wa Karatu na Mbulu wana mapafu kama yake lakini wanaacha mazoezi kwa sababu nyumbani hakuna chakula?

Mwingine ametaja Saniniu Laizer wa Mererani, aliyeuza mawe mawili ya tanzanite Juni 2020 kwa zaidi ya shilingi bilioni 7. Nampongeza. Lakini vilima vilevile vina wanaapolo, yaani wachimbaji, waliochimba miaka na miaka bila mshahara kwa kutegemea mgao wa jiwe likipatikana, wakatoka mikono mitupu. Na wale waliokufa Aprili 1998 maji yalipojaa mashimoni, walikufa wakiwa kazini. Naomba tuwakumbuke nao tunapohesabu waliojituma.

Wagumu, wapagazi wetu wa mlimani, sitawaeleza sana, mnawajua. Mzigo unapimwa getini, mwisho kilo 20, na wanaupandisha mpaka kambi zilizo zaidi ya mita 4,600. Malipo yanategemea kampuni iliyokuchukua na mgeni uliyempata. Uzito ni uleule.

Kaka mmoja ameuliza swali la haki, na nilikuwa nalingoja: tukiwaambia vijana maneno haya, si watakaa vijiweni? Naiheshimu hofu yake, nami ni mzazi. Lakini mimi naona kinachomvunja kijana moyo ni kuambiwa ongeza bidii wakati ameshatoa yote aliyonayo, kisha aanze kuamini kwamba yeye mwenyewe ndiye mbovu. Kijana anayejua kuwa kuna bei atauliza nani anaipanga. Atasoma mkataba kabla ya kuweka sahihi, na atatafuta wenzake wauze pamoja.

Tuchukue bodaboda wawili wa stendi moja. Wote wanaanza saa kumi na moja alfajiri, wote wanarudi usiku. Wa kwanza alipata ndugu wa kumdhamini, akapewa pikipiki kwa mkataba. Wa pili hakuwa na mdhamini, anaendesha ya bosi na kumpelekea hesabu, kiasi cha fedha alichopangiwa, kila jioni, mvua inyeshe isinyeshe. Muda wa mkataba ukiisha, wa kwanza ana pikipiki na kadi yenye jina lake. Wa pili bado anapeleka hesabu. Anayeshikilia kwamba bidii ndiyo iliyowatenganisha hawa wawili, namwomba aje hapa anitajie siku ambayo huyu wa pili alilala.