Tiketi za Yerusalemu: gumzo la kundi la "Familia Tukuyu na Matawi Yake"

Jumatatu, 23 Machi 2020

Atupele: Shikamooni wakubwa, wadogo mambo. Nawaza hizi tiketi za wazee. Safari ni Jumamosi ya tarehe 4, na Israel tangu tarehe 18 hawapokei mgeni kwa ajili ya korona. Nataka niingie mtandaoni leo niifute safari, tujue moja. Kuna mwenye neno?

Lusajo: MIMI. Dada Atu usiguse kitu.

Lusajo: Na shikamoo 😂

Atupele: Marahaba. Nisiguse kwa nini?

Lusajo: Zile ni tiketi za bei ya chini, zimeandikwa hazirudishwi. Ukifuta wewe, kwenye mitambo yao inasomeka abiria kaghairi mwenyewe. Hapo utaambulia kodi za uwanja tu. Ile ya kuondokea kwetu ni dola 40 kwa kichwa, na nauli ndiyo imeenda. Lakini shirika likifuta ndege lenyewe, wao ndio wameshindwa kutoa huduma, na hapo unadai nauli yote. Kwa hiyo tunawangoja wao waanze.

Shangazi Neema: *Imesambazwa mara nyingi:* Chemsha tangawizi, malimao matatu na kitunguu saumu, kunywa ikiwa ya moto asubuhi na jioni, mtumie kila umpendaye

Shangazi Neema: Jamani samahani, hiyo ilikuwa ya kundi la kwaya

Baba Mdogo: Ndiyo maana limao limepanda bei mpaka huku Uyole

Mama: Bwana Yesu asifiwe wanangu. Baba yenu anauliza, ni kweli kanisa la Bethlehemu limefungwa?

Atupele: Amina Mama. Ni kweli, tangu tarehe 5 mwezi huu. Hata mngefika msingeingia. Na ukiacha hilo, serikali yetu imesema anayetoka nchi zenye ugonjwa akirudi anakaa karantini siku 14 kwa gharama yake.

Mama: Anasema basi arudi kwenye chai yake, inasubiri kuchumwa. Lakini anasema hela ya watoto isipotee.

Ambwene (Ujerumani): Lusajo nimekusoma. Ila tukingoja na ndege isifutwe? Israel wamefungia wageni, raia wao bado wanarudi nyumbani. Ndege inaweza kuruka na viti vya wazee vitupu.

Lusajo: Umegusa penyewe kaka. Hiyo ndiyo hatari ya kungoja. Ndege ikiruka na wewe hukutoa taarifa, wanaandika abiria hakutokea, na tiketi ya namna hii inakufa na safari ya kurudi juu yake. Tunangoja, lakini hatulali. Ikifika Ijumaa jioni ya tarehe 3 hawajafuta, tunaomba kusogeza tarehe KABLA ya ndege kuruka. Mashirika mengi sasa hivi yanasogeza bila faini.

Atupele: Na ile ya Songwe kwenda Dar?

Lusajo: Hiyo ni tiketi nyingine kabisa, tena ndege za ndani zinaruka. Hiyo usisubiri ifutwe, hawatafuta. Wapigie leo, waambie safari kubwa imekwama, uombe kubadili tarehe. Mama ataitumia akija kliniki ya macho Dar.

Shangazi Neema: Na mngepanda basi kama nilivyosema tangu mwanzo, kesi ingekuwa moja

Atupele: Shangazi, kilomita 800 na zaidi, na goti la Baba lile?

Baba Mdogo: Lusajo mwanangu, na sisi je? Mimi na Mama yenu Mdogo tulilipa kwa wakala pale Mwanjelwa. Taslimu. Nimempigia, anasema "hairudishwi mzee, iliandikwa". Milioni mbili na laki tatu kila mmoja. Ni viazi vya msimu mzima hivyo.

Lusajo: Shikamoo Baba Mdogo. Pole sana. Nipigie picha karatasi aliyokupa.

Baba Mdogo: *Picha*

Lusajo: Imekuja na kivuli cha simu. Naomba nyingine, isogeze dirishani.

Baba Mdogo: *Picha*

Lusajo: Hapa sawa. Juu kulia naona herufi na tarakimu sita zimechanganyika, hiyo ni ya kushikilia nafasi. Sasa natafuta namba ya tiketi. Inakuwa na tarakimu 13, tatu za mwanzo ni za shirika la ndege. Kwenye ya Mama ipo chini ya jina lake. Kwako siioni.

Baba Mdogo: Kuna namba chini pale

Lusajo: Hiyo ni simu ya wakala Baba Mdogo

Baba Mdogo: Na muhuri upo

Shangazi Neema: 🤦🏾‍♀️

Lusajo: Muhuri haupandi ndege. Nipe dakika chache niingize zile sita kwenye tovuti ya shirika.

Lusajo: Nimeangalia. Majina yenu hayapo. Nafasi iliwekwa, haikulipiwa, muda ukaisha, mitambo ikaiachia. Baba Mdogo, tiketi yenu haikuwahi kukatwa.

Mama: Yesu wangu

Baba Mdogo: Kwa hiyo tumeliwa?

Lusajo: Sikiliza, kwa upande wako hii ni afadhali kuliko ya kina Baba Mkubwa. Masharti ya "hairudishwi" ni ya tiketi, na wewe huna tiketi. Hela haijafika kwa shirika lolote, ipo kwake pale Mwanjelwa. Hana pa kujificha. Nenda na mtu mzima mwingine, usiende kwa hasira, muulize swali moja tu: namba ya tiketi yenye tarakimu 13 iko wapi? Kaa kimya umsikilize.

Ambwene (Ujerumani): Swali zuri hilo. Mimi ningeanza na ngumi 😂

Baba Mdogo: Kesho nikishusha mzigo naenda na Mzee wa Kanisa

Jumatano, 25 Machi 2020

Baba Mdogo: Nimetoka pale. Nilipomuuliza hiyo namba akaanza kutafuta kwenye kompyuta, akatafuta weee, mwisho akasema alikuwa anasubiri bei ishuke ndipo akate. Mzee wa Kanisa akamwambia kijana, bei imeshuka mpaka sifuri, toa hela. Amesema hela ameshaizungusha. Ametoa laki nane, nyingine kwa awamu.

Atupele: Awamu za mdomo?

Baba Mdogo: Ameapa

Lusajo: Kiapo weka pembeni. Rudini kwa mwenyekiti wa mtaa mkaandikishane: kiasi, tarehe za kulipa, saini za mashahidi. Na kila awamu aitume kwa M-Pesa ili ujumbe ubaki. Asikupe mkononi tena.

Mama: Baba yenu anasema ya kwanza mngeandikishana siku ya kulipa

Baba Mdogo: Kaka naye

Alhamisi, 2 Aprili 2020

Atupele: Lusajo, kesho kutwa ndiyo safari. Barua pepe hakuna, kwenye tovuti yao ndege bado ipo. Tumbo linaniuma.

Lusajo: Usiguse. Kesho saa kumi jioni ndiyo mwisho wetu wa kungoja.

Shangazi Neema: Huyu mtoto ana roho ngumu, kwa nini asiwe rubani

Ijumaa, 3 Aprili 2020

Atupele: WAMEFUTA. Saa sita na robo. Barua yenyewe wamesema poleni, tunawapa vocha ya thamani ileile, itumike ndani ya mwaka mmoja, bonyeza hapa kukubali.

Lusajo: Usibonyeze.

Atupele: Wewe na "usi" zako! Vocha ina ubaya gani? Si wataenda mwakani?

Lusajo: Inawezekana. Lakini ukishaikubali umefunga mlango wa kudai pesa. Ukishika vocha ni kwamba umewakopesha, bila riba, na mashirika yenyewe mwaka huu hatujui yapi yatasimama. Mimi ofisini kwetu naona: mashirika kadhaa yamezima ile sehemu ya mawakala kurudisha pesa kwenye mitambo, sasa tunajaza fomu moja moja na kusubiri. Wakiwa na hela wasingefanya hivyo.

Mama: Baba yenu ana miaka 74. Anasema mwakani ni ya Mungu, yeye anataka hela.

Ambwene (Ujerumani): Baba amemaliza mjadala

Lusajo: Basi tunadai. Dada Atu, Israel wana sheria yao ya huduma za anga ya mwaka 2012. Inahusu ndege yoyote inayotua au kuondoka kwao, iwe ya nani. Ikifutwa, abiria ndiye anayechagua, pesa au tiketi nyingine. Si shirika linalochagua. Sheria inataka walipe ndani ya siku 21, ila kwa hali ilivyo msizihesabu hizo siku kwa vidole.

Lusajo: Waandikie hivi, kwa ufupi, usiwasimulie maisha: majina mawili, namba mbili za tiketi, namba ya ndege na tarehe, "mmefuta nyinyi, sijakubali vocha, naomba nauli na kodi zote zirudi kwenye kadi niliyolipia." Taja hiyo sheria. Piga picha ya skrini ya barua yao kabla hawajaibadilisha.

Atupele: Na wakikaa kimya?

Lusajo: Ulilipa kwa kadi, una silaha ya pili. Unakwenda benki yako hapo Iringa kupinga muamala, huduma umelipia hujapewa. Kwa kawaida wanakupa siku 120, zinaanza siku ambayo ungesafiri. Lakini kwanza uwe umewaandikia shirika, benki watakuuliza ushahidi huo.

Ambwene (Ujerumani): Na mimi? Ya Frankfurt kuja Dar mwezi wa sita. Nao wameshaifuta, wananibembeleza na vocha.

Lusajo: Wewe umelala kwenye godoro kaka. Safari inayoanzia Umoja wa Ulaya ina kanuni namba 261 ya 2004, wakifuta wakulipe ndani ya siku saba, vocha mpaka ukubali kwa saini yako. Tume yao imelisema tena hilo tarehe 18 mwezi uliopita, korona ikiwepo.

Ambwene (Ujerumani): Siku saba! Nimepiga simu nikasikiliza muziki wao saa nzima mpaka nimeujua

Atupele: Hoteli ya Bethlehemu nayo iliandikwa hairudishwi. Ile nilimwandikia mwenye hoteli moja kwa moja, si ile tovuti ya kuhifadhi. Akajibu usiku uleule: hoteli zimefungwa kwa amri, tangu Machi hana mgeni hata mmoja, anarudisha yote. Kaniombea na heri ya Pasaka.

Mama: Mungu ambariki. Mwambie tutakuja.

Jumapili, 12 Aprili 2020

Shangazi Neema: Kristo amefufuka! Pasaka njema wote. Kanisani tumekaa kwa nafasi, ndoo za maji mlangoni, pasta amehubiri dakika ishirini. Korona imefanya miujiza.

Mama: Amefufuka kweli kweli!

Lusajo: Pasaka njema. Mamlaka ya usafiri wa anga imesimamisha ndege zote za abiria za kimataifa. Ambao hawakufutiwa mpaka leo sasa watafutiwa wote, na foleni ya kudai itakuwa ndefu. Heri Dada Atu aliandika mapema.

Atupele: Wamejibu jana. Wamekubali pesa, si vocha. Wanasema wiki kadhaa. Inaonyesha itarudi kwenye kadi yangu.

Baba Mdogo: Na mimi awamu ya pili imeingia, laki tano. Kachelewa siku mbili, nilimtumia tu picha ya ile karatasi ya mwenyekiti, bila maneno.

Ambwene (Ujerumani): Huyo kijana atakuwa wakala mzuri siku moja 😂

Shangazi Neema: Ngoja. Kadi ni ya Atu, na Atu ana harusi ya rafiki yake mwezi wa nane

Atupele: Shangazi!

Mama: Baba yenu anasema ikiingia utume kwenye namba yangu, siyo yake, yake imejaa ujumbe wa kwaya wa Neema. Na toa hapo ya kutolea.